Dian Fossey: Mwanamke aliyewalinda sokwe wa Virunga mmoja mmoja

UKISIMAMA asubuhi kwenye vilima vya Nyamyumba, kusini kidogo mwa mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, utaona mambo mawili kwa pamoja. Chini yako ni Ziwa Kivu, na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza iliyofungwa mitatumitatu ikirejea kutoka kazi ya usiku. Upande wa kaskazini, mawingu yakitawanyika, inajitokeza milima ya volkano ya Virunga.

Ziwa na milima hiyo ni ndugu. Zamani za kale maji ya bonde hili yalikuwa yakitiririka kuelekea kaskazini. Volkano zilipolipuka na lava kuganda njiani, maji yakakosa pa kupita, yakajaa bondeni na kuwa ziwa. Leo yanatoka upande wa kusini kupitia Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika.

Sambaza naye ana habari yake. Samaki huyo mdogo aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Chakula chake ni viumbe wadogo mno wanaoelea majini, nao hula mimea midogo zaidi isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo mama anayeuza sambaza sokoni ili alipe karo ya mtoto anategemea, pengine bila kujua, kitu kidogo kuliko punje ya mchanga.

Ndivyo uhai ulivyopangwa, ngazi juu ya ngazi. Chini kabisa kuna seli, yaani chembe hai. Seli hujenga viungo, viungo hujenga mwili, miili huungana kuwa familia, familia kuwa jamii nzima ya aina moja ya viumbe. Jamii mbalimbali za wanyama na mimea, pamoja na udongo, maji na hewa, ndizo zinazofanya msitu au ziwa. Ukigusa ngazi moja, nyingine hutikisika.

Katika ukanda wetu huu, wachache wamelipia somo hilo kwa gharama kubwa kama Dian Fossey, mwanamke wa Kimarekani aliyeishi miaka 18 juu ya milima hiyo miongoni mwa sokwe, na ambaye kaburi lake liko huko huko.

Kutoka hospitali hadi Olduvai

Fossey alizaliwa Januari 16, 1932, mjini San Francisco, Marekani. Wazazi wake walitengana angali mdogo, na akalelewa na mama pamoja na baba wa kambo aliyekuwa mkali. Katika upweke huo alipenda wanyama kuliko kitu kingine chochote.

Alijiunga na chuo kikuu akitaka kuwa daktari wa mifugo, lakini fizikia na kemia zilimshinda. Akabadilisha masomo, na mwaka 1954 akahitimu katika tiba ya kuwarudishia wagonjwa uwezo wa kufanya shughuli zao za kila siku. Alipata kazi katika hospitali ya watoto wenye ulemavu mjini Louisville, jimbo la Kentucky.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo baadaye lingemfaa sana. Mtoto asiyeweza kusema huwezi kumharakisha. Hukaa naye, ukamsoma macho na mikono, hadi akuamini.

Mwaka 1963 alichukua mkopo wa benki akafunga safari ya Afrika Mashariki. Huko Olduvai, Tanganyika, alikutana na Dk Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akichimbua mabaki ya binadamu wa kale. Ziara ile haikukosa kituko: Fossey aliteleza, akaumia kifundo cha mguu. Hata hivyo hakukata tamaa. Alipanda Virunga upande wa Congo akichechemea, na hapo Kabara akawaona sokwe wa milimani kwa mara ya kwanza.

Miaka mitatu baadaye, Leakey alikwenda Louisville kutoa mhadhara. Alikuwa akimtafuta mtu wa kuwachunguza sokwe hao kwa muda mrefu, kama alivyokwisha kumtuma Jane Goodall kwa sokwe mtu wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960. Leakey aliamini kuwa wanawake wana subira zaidi katika kazi ya namna hiyo.

Alimwambia Fossey kuwa ingefaa atolewe kidole tumbo kabla ya kwenda kuishi mbali na hospitali. Fossey akafanyiwa upasuaji. Baadaye barua ya Leakey ikamfikia ikieleza kuwa haikuwa lazima. Alitaka tu kupima nia yake.

Kabara, kisha Karisoke

Januari 1967 Fossey alipiga hema lake Kabara, chini ya Mlima Mikeno. Karibu na hapo ndipo alipozikwa Carl Akeley, Mmarekani aliyefika kuwinda sokwe kwa ajili ya jumba la makumbusho mwaka 1921, kisha akageuka kuwa mtetezi wao. Ushawishi wake ulichangia kuanzishwa kwa hifadhi ya Albert mwaka 1925, ya kwanza ya aina yake katika Afrika.

Fossey hakukaa sana. Julai mwaka huo huo machafuko yalizuka mashariki mwa Congo, na askari wakamteremsha mlimani na kumzuilia. Alifanikiwa kutoroka hadi Kisoro, Uganda. Mtu mwingine angepanda ndege kurudi kwao. Yeye alivuka kuingia Rwanda.

Hapa ndipo mkoa wa Gisenyi wa wakati huo unapoingia katika habari hii. Huko Mugongo, kwenye miteremko ya Karisimbi, aliishi Mmarekani mwenzake, Rosamond Carr, mkulima wa maua na pareto. Bibi huyo alimpokea Fossey, na urafiki wao ulidumu hadi mwisho. Carr mwenyewe alikuja kufungua kituo cha watoto yatima Desemba 1994 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na alifariki mwaka 2006.

Septemba 24, 1967, Fossey alianzisha kambi yake katika mwinuko wa takriban mita 3,000, kati ya milima Karisimbi na Visoke, ambayo sasa huandikwa Bisoke. Aliunganisha majina hayo mawili akapata Karisoke.

Aliwajua kwa pua

Sokwe wa milimani, ambaye Wanyarwanda humwita ingagi, wakati ule alijulikana zaidi katika filamu kama jitu katili linalopiga kifua na kurarua watu. Fossey alikaa kimya vichakani, akatembea kwa magoti na ngumi, akajikuna, akajifanya anatafuna majani, na akaiga mngurumo wa sokwe aliyeshiba. Ilichukua miezi mingi, lakini walimzoea.

Aligundua kuwa hakuna sokwe wawili wenye mikunjo ya pua inayofanana, kama vile hakuna watu wawili wenye alama za vidole zinazofanana. Akachora kila pua katika daftari, na kila mwenye pua akampa jina. Mwaka 1970 dume kijana aliyeitwa Peanuts alinyoosha mkono akamgusa. Picha zilizopigwa na Mkenya Bob Campbell na kuchapishwa katika jarida la National Geographic zikaijulisha dunia habari za Karisoke.

Kutoka kwa mnyama mmoja mmoja Fossey alipanda ngazi ya familia. Aliona kuwa kundi huongozwa na dume mkubwa mwenye mgongo wa rangi ya fedha, ambaye huamua mahali pa kula na pa kulala, na ambaye mwili wake ndio ngome ya majike na watoto. Aliona pia kuwa majike huhama kundi walimozaliwa na kujiunga na jingine, jambo linalochanganya damu na kuzuia ndugu kuzaana.

Alishuka pia ngazi za chini. Alikusanya kinyesi, akapima ukubwa wake, na ndani yake kukapatikana minyoo iliyoeleza hali ya tumbo la kila mnyama. Sokwe huishi kwa majani, mashina na machipukizi ya mianzi, vyakula ambavyo mwili wake peke yake usingeweza kuvimeng'enya. Bakteria walio tumboni mwake ndio wanaovunja nyuzi hizo ngumu. Mnyama wa kilo 160 anategemea viumbe ambao haonani nao kamwe.

Kazi hiyo ilimpatia Fossey, mtu ambaye fizikia na kemia zilimshinda, shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mkuki mmoja, familia nzima

Kati ya sokwe wote, aliyempenda zaidi ni Digit, jina linalomaanisha kidole, kwa kuwa kidole chake kimoja kilikuwa kimepinda. Alimjua tangu akiwa mtoto. Digit alipokua alikuwa mlinzi wa kundi lililoitwa Kundi la Nne.

Desemba 31, 1977, majangili walilivamia kundi hilo. Digit alisimama mbele yao huku wenzake wakikimbia. Alichomwa mikuki mara kadhaa, akakatwa kichwa na mikono. Wenzake walisalimika.

Julai 1978 majangili walirudi. Dume kiongozi, Uncle Bert, alipigwa risasi, na pia jike aliyeitwa Macho. Mtoto wa Macho, Kweli, alijeruhiwa na kufa miezi michache baadaye.

Hapo ndipo somo la ngazi lilipoonekana wazi na kwa uchungu. Risasi iliingia katika mwili mmoja, lakini familia nzima ikabomoka. Kundi lilipokosa kiongozi, dume mwingine alimuua mtoto mchanga wa marehemu, kama madume wa sokwe wanavyoweza kufanya ili jike apate kuzaa nao. Majike wakatawanyika, na baada ya muda Kundi la Nne halikuwepo tena.

Wakati huo sokwe waliobaki Virunga yote, kwa nchi tatu za Rwanda, Congo na Uganda, walikuwa wachache mno. Mwaka 1960 mtafiti George Schaller alikadiria kuwa walikuwa takriban 450. Hesabu ya 1981 ilipata 254 tu.

Vita vya mtu mmoja

Fossey alianzisha mfuko kwa jina la Digit na akaanza mapambano. Vijana aliowaajiri walitembea msituni wakikata mitego ya kamba na waya, ambayo kwa kweli ilitegwa kwa ajili ya mbawala na funo lakini ilinasa pia mikono na miguu ya sokwe. Kazi hiyo iliokoa wanyama wengi, na ndiyo iliyozaa doria zinazoendelea hadi leo.

Lakini mbinu zake nyingine zilimletea maadui. Alikamata ng'ombe walioingizwa hifadhini, aliharibu kambi za wawindaji, na aliwatisha watu kwa vinyago akijifanya mchawi. Waliokamatwa na watu wake walisimulia kutendewa kwa ukali. Aligombana na maofisa, na hata na wanafunzi waliokuja kufanya utafiti kambini kwake.

Ni haki kusema yote mawili. Bila ukaidi wake huenda sokwe hao wangekwisha. Hata hivyo, alipokuwa akizihesabu ngazi za uhai, binadamu anayelima chini ya msitu alimwona zaidi kama adui kuliko kama sehemu ya mpango huo huo.

Na mkulima alikuwa na sababu zake. Ardhi ya chini ya Virunga ina rutuba ya volkano, mvua ya kutosha na watu wengi. Mwaka 1969 takriban hekta 10,000 za hifadhi upande wa Rwanda zilikatwa ili zilimwe pareto, maua ambayo unga wake huua wadudu na ambayo yaliuzwa nje kwa fedha za kigeni. Hakuna jangili aliyewahi kuchukua eneo kama hilo. Msitu wa nyanda za chini ulitoweka bila mkuki hata mmoja kurushwa.

Mwaka 1979 lilitolewa pendekezo la kukata hekta nyingine 5,000 kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe. Wamarekani wawili waliofika Karisoke mwaka mmoja kabla, Bill Weber na Amy Vedder, walikuwa wamelitazama jambo hilo kwa namna tofauti. Vedder alipima chakula cha sokwe na kuona kuwa msitu uliobaki ungeweza kulisha wengi zaidi. Weber aliwauliza wakulima wanauonaje msitu huo.

Jibu lao lilikuwa mradi wa kuleta watalii wachache wanaolipa, kuongeza walinzi, na kuwaelimisha wananchi kuwa msitu huo ndio unaokinga mvua na kutunza chemchemi zao. Fossey hakuupenda utalii. Aliogopa kuwa wageni wangewasumbua sokwe na kuwaletea maradhi. Lakini mpango wa ng'ombe uliwekwa kando, na msitu ukabaki.

Kifo na yaliyofuata

Fossey aliondoka mwaka 1980 kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na huko akaandika kitabu Gorillas in the Mist kilichotoka mwaka 1983. Mwaka huo huo alirudi mlimani, mapafu yakiwa yamechoka kwa sigara na baridi, kiasi kwamba kupanda njia alizozizoea kulimtesa.

Usiku wa Desemba 26, 1985, aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake Karisoke. Alikuwa na umri wa miaka 53. Mfanyakazi wake wa zamani Mnyarwanda alikamatwa na akafia kizuizini. Mtafiti mmoja Mmarekani alihukumiwa mwaka 1986 akiwa amekwisha kurudi kwao, naye alikana kuhusika. Wengi hawajaridhika na majibu hayo.

Alizikwa katika makaburi aliyoyaandaa mwenyewe kwa ajili ya sokwe, jirani na Digit. Juu ya kaburi lilichongwa jina Nyiramachabelli, ambalo watu wa milima hiyo walimpa.

Katika jambo moja alilogombania na watu wa utalii, muda ulionyesha kuwa hofu yake haikuwa ya bure. Seli za sokwe zinafanana mno na zetu, kwa hiyo ugonjwa wetu humpata kirahisi. Kabla ya kufa alikuwa ameomba aletwe daktari wa wanyama wa kukaa karibu na sokwe, na huduma hiyo ilianza mwaka 1986. Miaka miwili baadaye maradhi ya kifua, yaliyodhaniwa kuwa surua, yaliua sokwe sita. Madaktari wakawachanja wengine 65 hivi. Ndiyo maana leo mgeni anayekohoa harusiwi kupanda, na wanaopanda hutakiwa kukaa mita kadhaa mbali nao. Kirusi kisichoonekana kinaweza kufanya kazi ya majangili kumi.

Katika jambo jingine, waliompinga walikuwa sahihi. Utalii ndio uliowapa majirani wa hifadhi sababu ya kuitaka idumu. Tangu 2005 Rwanda imekuwa ikitenga sehemu ya mapato ya hifadhi kwa ajili ya shule, maji na barabara za vijiji vinavyoizunguka, kwanza asilimia tano, na kuanzia 2017 asilimia 10. Mwaka huo wa 2005 ndipo ilipoanza pia sherehe ya Kwita Izina, ambapo watoto wa sokwe hupewa majina hadharani. Kazi aliyoianza Fossey peke yake na daftari lake la pua ikawa sikukuu ya taifa.

Vita vya miaka ya 1990 viliiharibu kambi ya Karisoke, lakini wafuatiliaji wa Kinyarwanda waliendelea kuwatafuta sokwe kila walipopata nafasi. Kituo kilihamia mjini Ruhengeri, sasa Musanze, na mwaka 2022 kilifungua makao mapya Kinigi.

Hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 ilipata sokwe 604 katika Virunga. Ukiongeza wale wa msitu wa Bwindi, Uganda, walikuwa 1,063. Novemba 2018 sokwe wa milimani aliondolewa katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, akawekwa ngazi moja nafuu zaidi, ingawa bado yumo hatarini.

Sasa tatizo limepanda ngazi nyingine. Watafiti wa Karisoke wameona kuwa tangu katikati ya miaka ya 2000, makundi yalipozidi kusongamana mahali pamoja, mapigano yaliongezeka na watoto wengi zaidi wakauawa na madume wa makundi mengine. Majangili wamepungua, dawa zipo, lakini msitu ni ule ule uliobaki baada ya pareto. Serikali ya Rwanda imeandaa mpango wa kuipanua hifadhi, na hilo lina maana ya familia za wakulima kuhama na kujengewa kwingine.

Hapo ndipo ulipo mtihani. Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Fossey alimlinda Digit kwa nguvu zote na bado akampoteza, kwa sababu mlinzi mmoja hawezi kusimama mahali pa msitu, kijiji na taifa. Mkulima atakayeachia shamba lake ili mianzi iote tena naye ana watoto wa kulisha, na namna atakavyotendewa ndiyo itakayoamua kama hekta zitakazorudishwa zitabaki kuwa msitu.